Kumshonea Askari Koti

Ukitaka kuwaonyesha watoto kazi za Esther Nisenthal Krinitz, anza na ile ya nyuki. Ni Juni 1943, kijiji cha Grabówka nchini Poland. Msichana yuko bustanini katikati ya mboga na maua. Askari wawili wa Kijerumani wamemjia na wanamsemesha, mara nyuki wametoka mizingani na kuwavamia. Msichana hawakumgusa. Yote ni uzi na vipande vya kitambaa, hata nyuki wenyewe. Mtoto ataanza kuwahesabu. Atauliza kama waliwauma kweli, kama askari walilia, kama asali ilipatikana. Mwache aulize. Aliyeishona picha hii alijua anachofanya alipoijaza bustani maua mengi kuliko yanayohitajika kusimulia tukio. Mtoto akishashiba maua na nyuki, ataliuliza lile lenyewe: yule dada anaogopa nini?

Jibu lake ni refu. Esther alizaliwa mwaka 1927 Mniszek, kijiji kidogo cha Poland, katika familia ya Kiyahudi yenye watoto watano. Akiwa bado mdogo alipelekwa kujifunza ushonaji kwa fundi wa nguo katika mji jirani wa Rachów. Wajerumani waliingia Septemba 1939. Tarehe 15 Oktoba 1942 Wayahudi wa eneo lile waliamriwa kuacha nyumba zao na kuelekea stesheni ya treni ya Kraśnik. Esther, wakati huo ana miaka 15, alikataa kwenda. Akamchukua mdogo wake Mania, wakaagana na wazazi na ndugu zao, wakaiacha ile barabara. Familia yao hawakuiona tena. Wakaishi Grabówka kwa majina ya kubuni, wakijifanya wasichana wa Kikatoliki, wakifanya kazi za shamba na za nyumbani kwa watu wasiojua wamemwajiri nani, mpaka jeshi la Urusi lilipofika Julai 1944.

Baada ya vita aliolewa, akapitia Ubelgiji, na mwaka 1949 akaingia Marekani. Alilea mabinti wawili na baadaye akafungua duka la nguo Frederick, jimbo la Maryland. Mabinti walikua wakizisikia hadithi za Mniszek lakini nyumba yenyewe hawakuwahi kuiona. Basi mwaka 1977, akiwa na miaka 50, mama yao alichukua kitambaa, sindano na uzi ili awaonyeshe. Sanaa hakuisomea popote. Alipofariki mwaka 2001 alikuwa ameacha picha 36 za kitambaa.

Watu wengi huzitazama kama ushahidi wa mauaji ya Wayahudi, na ni ushahidi kweli. Mimi huzitazama kwanza kama kazi ya mkono, kwa sababu naamini nguvu yake ya kufundisha imetoka huko. Mchoraji akitaka shamba la ngano huchovya brashi na kuivuta mara moja, na shamba limekuwepo. Anayedarizi hana njia hiyo. Kila suke ni sindano kwenda chini, sindano kurudi juu, uzi kuvutwa mpaka ulale, usilegee wala usikunje kitambaa. Rangi ikikataa, unafumua. Fundo likijitokeza mahali pasipotakiwa, unafumua. Kwa hiyo katika kitambaa kilichodariziwa hakuna kitu kilichoponyoka mkono kwa bahati. Kila jani unaloliona, mtu aliamua liwepo, kisha akakaa nalo.

Na majani ya Mniszek ni mengi. Kijani cha malisho si kijani cha mti, na cha mti si cha mboga. Paa la nyasi limepigwa mishono mirefu iliyolala sambamba, kwa kuwa ndivyo nyasi za paa zinavyolala. Misuko ya wasichana ni uzi. Nguo walizovaa watu wake ni nguo kweli, ndogo, zilizokatwa na kushonewa juu ya kitambaa cha chini, na hapo fundi wa Rachów anaonekana wazi. Esther anajua kola inakaaje shingoni na sketi inaangukaje mtu anapopiga hatua. Uwiano wa umbali haukumshughulisha. Nyumba, mto, ng'ombe na watu vimepangwa kama mtoto anavyopanga anapokumbuka, kila kitu kikipewa ukubwa kwa kadiri kilivyo na maana kwake. Wapo watakaoiita sanaa hii ya kienyeji. Waiite wapendavyo.

Sasa tuje kwa askari. Picha moja ni ya siku Wajerumani walipoingia kijijini. Majirani wamekimbilia nje kutazama. Wapanda farasi wamesimama mbele ya nyumba ya babu na bibi yake Esther. Mmoja ameshuka, amempiga babu, anamkata ndevu, na bibi anapiga ukelele. Kwa mzee wa Kiyahudi mcha Mungu ndevu ni sehemu ya dini yake, na kumkata kwa nguvu mbele ya kijiji kizima kulikusudiwa kumvunjia heshima mbele ya wote waliomwamkia asubuhi ile.

Mjukuu aliyeyaona hayo akiwa na miaka 12 alikuja kuyashona miaka zaidi ya 50 baadaye. Fikiria kazi ilivyokuwa. Kabla askari hajainua mkono juu ya babu, inabidi avae. Koti lake likatwe. Mikono ya koti ipachikwe, kola ikae, mkanda upite kiunoni. Farasi wake apewe mkia na hatamu. Ni saa nyingi za kuinama juu ya mtu uliyemchukia maisha yako yote, ukihakikisha nguo imemkaa. Esther alimshonea koti, wala hakulishona vibaya. Hakumpa pembe wala uso wa shetani, wala hakumfanya mkubwa kuliko watu wengine. Amemwacha kama alivyokuwa, mwanamume aliyevaa sare, ameshuka farasi kijijini kwa watu na kufanya jambo lile.

Sidhani kama ipo njia nyingine iliyo bora ya kumweleza mtoto dhuluma. Ukimwonyesha zimwi, atajifunza kwamba mazimwi ni wabaya, na kwa kuwa anajijua yeye si zimwi, somo limemalizikia hapo. Ukimwonyesha mtu mwenye vifungo vya koti, lazima ajiulize mtu anafikaje pale. Lazima pia awatazame majirani waliokimbilia nje, wanaotazama, na ajiulize yeye angesimama wapi. Nimeona mabango mengi ya amani kwenye kuta za shule, njiwa na mikono ya rangi mbalimbali imeshikana, na sijawahi kumwona mtoto akisimama mbele ya mojawapo zaidi ya muda wa kulisoma.

Chini ya picha nyingi Esther alidarizi maneno: tarehe, mahali, nani alifanya nini. Kwa msomaji wa pwani halina ugeni hilo, maana kanga imebeba pambo juu na jina chini kwa vizazi. Lakini kanga husema kwa fumbo, na anayelengwa hujijua. Maneno ya Esther hayana fumbo hata moja. Ni Kiingereza cha mtu aliyekipata ukubwani, kikavu, kisicho na vivumishi vya kulalamika. Nadhani sindano ilimsaidia kuhariri. Herufi moja inakula mishono mingi, na mtu anayelipia kila herufi kwa mgongo wake hawezi kuandika kwamba siku ile ilikuwa ya kutisha mno. Anaandika kwamba ilikuwa tarehe 15 Oktoba 1942, kwamba waliamriwa watoke kabla ya saa 4 asubuhi, na kwamba ile ndiyo familia yake.

Hiyo tarehe 15 Oktoba inastahili kutazamwa polepole. Ni vuli, na fundi hakuinyima vuli rangi zake kwa sababu ya yaliyotokea. Hakulifanya anga kuwa jeusi. Wapo wanaoona uzuri huu unapunguza uzito wa jambo, kwamba mauaji hayafai kupambwa. Siwezi kukubaliana nao. Uzuri ndio kipimo cha kilichoporwa. Picha za mwanzo zinaonyesha watoto wakioga mtoni, familia ikijiandaa kwa Pasaka ya Kiyahudi, mwendo wa kwenda kwa babu siku ya sikukuu. Mtoto anayeitazama kazi nzima amekwisha kuwa mgeni wa nyumba ile kabla haijavamiwa. Anaijua miti yake. Picha inayoonyesha familia imetolewa nje alfajiri na nguo za kulalia, mikono juu, inapomfikia, wale ni watu aliokwisha kula nao sikukuu.

Kuna mtu mmoja katika hadithi hii ambaye walimu wangefaidika kukaa naye zaidi kuliko askari wote. Ni Stefan, mkulima wa Kipoland aliyekuwa rafiki wa baba yake Esther. Wasichana wawili walipoiacha barabara ya Kraśnik walikwenda kwake. Akawaingiza ndani. Baada ya muda mfupi sana akawaambia waondoke. Ndiyo hadithi yake yote. Mtu mzima anaweza kuongeza kwamba tangu Oktoba 1941 amri ya Wajerumani nchini Poland ilisema adhabu ya kumficha Myahudi ni kifo, na kwamba Stefan alikuwa mtu wa kawaida. Esther amemwonyesha bila kumtukana na bila kumsafisha. Alifungua mlango, kisha akaufunga. Ukiwauliza watoto kama Stefan alikuwa mtu mwema, darasa litagawanyika, na mwalimu mwenye busara hatafanya haraka kuliunganisha. Katika nchi zetu, ambako watoto wengine wamekuwa wakimbizi na wengine ni watoto wa waliowakimbiza, au wa waliofunga mlango, swali la Stefan ni la karibu kuliko tunavyopenda kukiri. Ni rahisi kulijadili likiwa limevaa nguo za Poland.

Suala la kiasi gani mtoto aonyeshwe nalo fundi huyu alilipatia jibu lake. Baada ya Warusi kufika alikwenda Majdanek, kambi ya mauaji iliyo nje ya mji wa Lublin, kuitafuta familia yake. Picha aliyoishona ina majengo ya kambi, viatu vya waliouawa, na makabichi makubwa yaliyostawi mashambani kwenye udongo uliorutubishwa kwa majivu ya watu. Hakuna maiti. Mtoto wa miaka tisa ataona kabichi. Mwenye miaka 14 atasoma maneno ya chini, kisha atarudi kuitazama kabichi. Picha ileile inampa kila mmoja kadiri anavyoweza kubeba, na hakuna aliyedanganywa. Wapo waandishi wa vitabu vya watoto waliotafuta kipimo hicho maisha yao yote wakakikosa.

Esther hakuwa peke yake kupita njia hii. Faith Ringgold wa Harlem, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 93, alijifunza kushona kutoka kwa mama yake, mbunifu wa mavazi, na mwaka 1988 akatengeneza blanketi la viraka liitwalo Tar Beach lililopakwa rangi na kuandikwa hadithi pembezoni. Msichana wa miaka minane, Cassie, yuko juu ya paa la jengo lao New York usiku wa joto, watu wazima wanacheza karata, naye anaruka angani juu ya daraja. Ndani ya hadithi hiyo ya kuruka kuna baba mjenzi aliyenyimwa uanachama wa chama cha wafanyakazi kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1991 ikawa kitabu cha watoto. Hadithi ya Cassie imewekwa mwaka 1939, mwaka uleule wapanda farasi walipoingia Mniszek. Ringgold alikuwa msomi wa sanaa na mwanaharakati, Esther alikuwa na duka la nguo, na wote wawili walimpitisha mtoto palepale, kwenye furaha kwanza. Wanawake wa Chile nao, baada ya jeshi kupindua serikali mwaka 1973, walishona waume na wana wao waliopotezwa kwa vipande vya nguo kuukuu juu ya kitambaa cha magunia. Jua na milima ya Andes vipo karibu kila mahali katika kazi hizo, vinang'aa. Serikali ilichelewa kuzitilia maanani. Ni ushonaji wa wanawake tu, nani angeogopa?

Mwaka 2003 mabinti wa Esther, Bernice Steinhardt na Helene McQuade, walianzisha taasisi ya Art and Remembrance ili kazi za mama yao zisibaki ukutani nyumbani. Kitabu, Memories of Survival, kilitoka mwaka 2005, filamu ikafuata mwaka 2011, na picha zenyewe zikasafirishwa kwenda makumbusho. Linalonivutia zaidi ni warsha zilizotokana na hapo. Wanafunzi na wakimbizi wanapewa kitambaa washone kisa cha maisha yao wenyewe. Kuitazama kazi ya mtu mwingine ni nusu ya somo. Nusu ya pili inakuja pale mtoto mwenyewe anapopitisha uzi kwenye tundu la sindano na kugundua kwamba hawezi kushona maisha yake yote.

Hapo ndipo ugumu mzuri unapoanza. Itabidi achague dakika moja. Nani alikuwepo? Alivaa nini? Mlango ulikuwa wa rangi gani? Mtoto aliyezoea kuandika insha ya kwamba ubaguzi ni kitu kibaya sana katika jamii yetu hana pa kujificha, maana jamii haishoneki. Anachoweza kushona ni kaunta ya duka, mwenye duka akiwa upande wake, na mama akiwa amenyoosha pesa ambayo haipokelewi. Na kama alivyofanya Esther, itambidi amvishe yule mwenye duka. Atauliza: nimpe shati gani? Mwalimu asimjibu. Mtoto akikaa kufikiri shati la mtu aliyemdhalilisha mama yake, tayari anafanya kazi ngumu kuliko yoyote iliyo kwenye mtaala.

Vifaa havina gharama kubwa. Mabaki ya vitambaa yanapatikana kwa fundi yeyote wa mtaani, na mengi hutupwa. Shuka kuukuu linatosha kuwa kitambaa cha chini. Sindano zenye tundu pana ziwe nyingi, maana zitapotea, na subana zipatikane kwa wale ambao vidole vitaanza kulalamika. Wavulana watasema hii ni kazi ya wasichana mpaka wakumbushwe kwamba mafundi cherehani wengi wa mtaani kwao ni wanaume. Mwalimu ajizuie kunyoosha mshono uliopinda. Ajizuie hata zaidi kuuliza kisa cha mtoto mbele ya wenzake. Mtoto akitaka kushona mbuzi wa bibi yake na asiguse jambo lolote zito, ashone mbuzi. Esther naye alianza na nyumba ya kwao tu, na picha nyingi za vita zilikuja miaka ya 1990, zaidi ya muongo mmoja baada ya ile ya kwanza.

Kinachokwamisha ni ratiba. Kipande chenye nyumba, mti na watu wawili kinaweza kumla mtoto muhula mzima, na mwalimu mkuu atataka kujua somo hili linatahiniwa wapi. Halitahiniwi popote. Wapo watakaoishia mlango na nusu ya paa wakati wenzao wamekwisha kutundika kazi zao ukutani. Mwanamke aliyekuwa fundi tangu utotoni alichukua zaidi ya miaka 20 kufikisha picha 36. Huyo mwenye nusu ya paa apewe uzi zaidi, aende na kipande chake likizo.